Kulipia Watu au Kulipia Barua: Ulinganisho wa Njia za Kutuma Barua Pepe kwa Wingi

Tuchukue kampuni ndogo ya utalii ya Arusha yenye anwani 6,000 za wageni iliowapokea kwa miaka mingi, ambayo huwaandikia mara sita tu kwa mwaka, hasa kabla ya misimu ya safari. Tuchukue pia chuo cha mafunzo cha Dar es Salaam chenye wasomaji 800, ambacho huwaandikia kila siku ya kazi. Kampuni ile hutuma barua 36,000 kwa mwaka mzima, ilhali chuo hutuma kama 16,000 kwa mwezi mmoja. Wote wawili wakiuliza ni huduma ipi bora ya kutuma barua pepe kwa wingi, mara nyingi hupewa jibu moja, na jibu hilo humfaa mmoja na kumtia mwenzake gharama. Swali linalopaswa kutangulia ni kama unalipia watu waliomo kwenye orodha yako au unalipia barua unazozituma. Karibu kila tofauti nitakayoieleza hapa, pamoja na tabia utakazojikuta umezizoea baada ya mwaka, inatokana na swali hilo.

Ninalinganisha njia tatu ambazo mtu wa kwetu anaweza kuzitumia akiwa na kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Ya kwanza ni Mailchimp, ambayo kimsingi hutoza kwa idadi ya anwani. Ya pili ni Brevo, ambayo kimsingi hutoza kwa idadi ya barua. Ya tatu ni Amazon SES, huduma ya Amazon ya kubeba barua, ikiunganishwa na programu huria iitwayo listmonk, ambapo bei ya barua zenyewe ni ndogo mno lakini kazi yote ni yako. Hata hivyo ni lazima nianze na njia ya nne, ambayo sitaipendekeza kwa yeyote, kwa sababu ndiyo ambayo biashara nyingi ndogo bado zinaitumia.

Gmail ya kawaida na seva ya tovuti

Wengi huanza kwa kunakili anwani mia mbili au tatu, kuzibandika kwenye sehemu ya Bcc ya Gmail, yaani ya nakala zisizoonekana na wapokeaji wengine, na kutuma. Akaunti ya bure ya Gmail huruhusu wapokeaji 500 kwa siku, na akaunti ya kulipia ya Google Workspace huruhusu barua 2,000. Ukivuka kiwango hicho, akaunti huzuiwa kutuma kwa muda wa hadi saa 24. Kwa biashara ambayo anwani hiyohiyo ndiyo inayojibu wateja, siku nzima ya ukimya ni hasara kubwa kuliko faida yoyote ya tangazo. Zaidi ya hapo, barua ya Bcc haina njia ya kujiondoa, kwa hiyo mpokeaji aliyechoka anabakiwa na silaha moja tu, nayo ni kubofya kitufe kinachosema kwamba barua hiyo ni taka.

Wengine hutuma kupitia seva ileile inayohifadhi tovuti yao. Seva ya namna hiyo hutumiwa na tovuti nyingi kwa pamoja, na sifa yake mbele ya Gmail au Yahoo huchafuliwa na jirani yeyote asiyejali. Miaka michache iliyopita niliisaidia kampuni moja ya utalii iliyokuwa imetuma tangazo la msimu kwa njia hii kwa anwani zaidi ya elfu nne, zilizokusanywa kutoka vitabu vya wageni, kadi za maonyesho ya biashara na faili moja lililonunuliwa kwa mtu. Tangazo lilileta majibu machache sana, na hilo halikuwauma. Kilichowauma ni wiki mbili zilizofuata, ambapo ankara na ratiba walizowatumia wageni waliokwisha kulipa malipo ya awali zilianza kuangukia kwenye barua taka, hadi mgeni mmoja akapiga simu kutoka ng'ambo kuuliza kama kampuni bado ipo. Sijausahau ukimya uliotanda katika ofisi ile siku hiyo. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalomwambia kila anayetaka kufanya kampeni ni kutenganisha barua za tangazo na barua za kazi. Kama barua za kazi hutoka kwenye kikoa chako, yaani jina lako la mtandaoni, kama vile jinalako.co.tz, za kampeni zitoke kwenye kikoa kidogo kama habari.jinalako.co.tz. Utenganisho huo hauzuii kila dhara, lakini unapunguza uwezekano wa kosa la kampeni moja kuziangusha ankara zako.

Masharti yasiyobadilika, uchague huduma yoyote

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wameweka masharti kwa watumaji wa wingi, na Microsoft ikafuata kwa watumiaji wa Outlook mwezi Mei 2025. Kwa Google, mtumaji wa wingi ni yule anayefikisha barua 5,000 kwa siku kwenda anwani za Gmail, lakini ni busara kwa mwenye orodha ya mia tano naye kuyatimiza, kwa kuwa vichujio vya barua taka humpima kila mtu.

Sharti la kwanza ni utambulisho wa kikoa, ambao hufanywa kwa rekodi tatu za DNS, yaani daftari la mtandaoni la taarifa za kikoa chako. SPF ni orodha ya seva ulizozipa idhini ya kubeba barua kwa jina lako. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua ili mpokeaji athibitishe kuwa haikubadilishwa njiani na kwamba kweli imetoka kwako. DMARC ni agizo unalomwachia mpokeaji kuhusu barua inayotumia jina lako huku haina idhini wala muhuri. Huduma zote tatu ninazozilinganisha hukupa rekodi za kubandika kwa aliyekuuzia kikoa, na kazi hiyo haimalizi saa moja kwa mtu aliyezoea. Hapa ndipo anwani za biashara zinazoishia na @gmail.com zinapokwama. Huwezi kugonga muhuri kwenye kikoa cha Google, na huduma hizi aidha zitaibadilisha anwani yako ya utumaji au barua zitashukiwa. Mwenye biashara ambaye hajanunua kikoa chake anapaswa kusimama hapa, akinunue kwanza, kisha aendelee kusoma.

Sharti la pili ni kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na ombi la kujiondoa litekelezwe ndani ya siku mbili. Sharti la tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni kwamba malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, huku Google ikishauri yabaki chini ya asilimia 0.1. Tuseme wageni wote 6,000 wa kampuni yetu ya Arusha wanatumia Gmail: watu 18 tu wakibofya kitufe cha barua taka katika kampeni moja, kampuni imefika ukingoni, na kiwango kinachoshauriwa ni watu sita. Hakuna huduma inayoweza kukununulia nafuu katika hesabu hiyo, hata ukichagua ngazi yake ya juu kabisa.

Mailchimp na Brevo zikiwekwa bega kwa bega

Mailchimp ilianzishwa Atlanta, Marekani, mwaka 2001, na mwaka 2021 ilinunuliwa na Intuit kwa takriban dola bilioni 12. Brevo ni ya Ufaransa. Ilianza mwaka 2012 kwa jina la Sendinblue na ikabadilisha jina mwaka 2023. Kwa mtumiaji wa kila siku zinafanana sana: zote mbili zina violezo vya kuburuta na kuweka, fomu za kujisajili, barua zinazojituma zenyewe mtu anapojiunga, na dashibodi ya matokeo. Atakayekuambia kwamba moja inafikisha barua na nyingine haifikishi anakupa maoni yake tu, kwa sababu ufikishaji hutegemea zaidi orodha yako kuliko nembo ya huduma.

Tofauti iko kwenye mita. Mailchimp huhesabu watu, na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba huwahesabu hata waliojiondoa, mpaka uwahamishie kwenye kumbukumbu kwa mkono wako. Orodha ya watu 6,000 iliyopoteza watu 900 waliojiondoa bado hutozwa kama ya watu 6,000 ikiwa hakuna aliyekumbuka kufanya usafi. Kwa kampuni inayoandika mara sita kwa mwaka, hii ina maana ya kulipa kodi ya nyumba kwa miezi kumi na miwili ilhali inalala humo siku sita. Ni kweli kwamba Mailchimp huuza pia vifurushi vya barua vya kulipia kadiri unavyotumia, na vinaifaa kampuni ya namna hiyo kuliko malipo ya kila mwezi, lakini barua zisizotumika huisha muda baada ya miezi 12, na wengi hawavijui kwa kuwa havipo mbele kwenye ukurasa wa bei.

Msomaji anaweza kudhani kwamba chuo chetu chenye watu 800 na barua za kila siku kingeneemeka kwa Mailchimp, kwa kuwa watu ni wachache na barua ni nyingi. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka niliposoma mipaka ya ngazi zake. Ngazi ya chini ya kulipia huruhusu barua mara kumi ya idadi ya anwani ulizolipia kwa mwezi, na ngazi inayofuata huruhusu mara kumi na mbili. Anayeandika siku tano kwa wiki humtumia kila mtu barua ishirini kwa mwezi. Kwa hiyo malipo ya kwa mtu yanamfaa hasa anayeandika mara moja au mbili kwa wiki kwa orodha ndogo na safi, kama vile duka la mtandaoni linalouza kila wiki. Duka la namna hiyo hufaidi pia jambo ambalo Mailchimp inalifanya vizuri sana, yaani kuunganisha mauzo na barua, hata mteja aliyenunua kahawa mwezi uliopita akaandikiwa tofauti na yule aliyeacha mzigo kwenye kikapu bila kulipa.

Brevo kwa upande wake huhesabu barua. Ngazi yake ya bure ni ya barua 300 kwa siku. Kwa chama cha ushirika au shule yenye wazazi 250 wenye barua pepe, ngazi hiyo inatosha kabisa, na sioni sababu ya kulipa. Kwa kampuni ya anwani 6,000 haitoshi: tangazo moja lingechukua siku ishirini kumaliza orodha, na mgeni wa mwisho angepata habari za ofa iliyokwisha kufungwa. Hata hivyo vifurushi vya Brevo vya barua zilizonunuliwa mapema, ambazo hazina tarehe ya kuisha, vinalingana na mtumaji wa msimu kuliko mpango wowote wa kila mwezi niliowahi kuuona. Unanunua barua zako, unatuma Mei kabla ya msimu wa Juni hadi Oktoba, unanyamaza, unatuma tena Novemba, na kati ya hapo hakuna anayekutoza.

Mita hizi mbili pia hufundisha tabia tofauti. Anayelipia watu hulazimika kuitazama orodha yake kila mwezi na kujiuliza ni nani anayestahili kubaki, na usafi huo huzaa malalamiko machache. Anayelipia barua hana msukumo huo. Anwani zilizolala miaka mitano hazimgharimu chochote mpaka siku anapotuma, na siku hiyo zinamgharimu sifa. Ukichagua Brevo, jiwekee tarehe ya usafi kwenye kalenda, kwa sababu mfuko wako hautakukumbusha.

Jambo moja dogo linafaa kutajwa kwa watu wa utalii. Wageni wako wanaishi katika saa tofauti. Barua inayotumwa Arusha saa tatu asubuhi humkuta mkazi wa New York katikati ya usiku. Kati ya Machi na Novemba, saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni yetu, na miezi mingine ni saa kumi na moja. Mailchimp inaweza kutuma kwa saa za kila mpokeaji katika ngazi zake za juu. Vinginevyo, gawa orodha kwa mabara na utume mara mbili, jambo ambalo linawezekana katika njia zote tatu.

Amazon SES na listmonk

Amazon SES hutoza dola 0.10 kwa barua 1,000. Nirudie hesabu kwa mifano yetu: kampuni ya Arusha ingelipa dola 3.60 kwa mwaka mzima, na chuo cha Dar es Salaam kingelipa dola 1.60 kwa mwezi. Hakuna huduma yenye dashibodi nzuri inayokaribia bei hizo, na ndiyo maana watu wa teknolojia huipendekeza haraka. Lakini SES ni mbebaji tu. Haina orodha, haina fomu, haina kiolezo cha kuburuta. Hayo hufanywa na listmonk, programu huria iliyoanza kupatikana mwaka 2019, iliyoandikwa na Kailash Nadh wa kampuni ya Zerodha ya India. Ni nyepesi, inahitaji hifadhidata ya PostgreSQL na seva ndogo ya kukodi ya kama dola tano kwa mwezi. Kwa hiyo gharama halisi ya kampuni yetu ni zaidi kidogo ya dola 60 kwa mwaka, na karibu zote ni za seva.

Gharama isiyoonekana kwenye ankara ni mtu. Ni lazima awepo anayejua kuisasisha seva, kuhifadhi nakala ya hifadhidata na kuunganisha taarifa za barua zilizorudi kutoka SES kwenda listmonk. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Lisipofanywa, listmonk haijui kwamba anwani fulani imekufa, nayo huendelea kuiandikia kila kampeni. Amazon hutaka barua zinazorudi zisizidi asilimia 5, na zikifika asilimia 10 inaweza kusimamisha utumaji wako. Kwa malalamiko, kiwango inachokitaka ni chini ya asilimia 0.1, na ukifika asilimia 0.5 unaweza kusimamishwa vilevile. Mailchimp na Brevo hukufanyia kazi hii bila wewe kujua kwamba ipo.

Tena SES haifunguki siku ileile. Akaunti mpya huanza katika hali ya majaribio, ambapo unaweza kutuma barua 200 tu kwa siku, tena kwa anwani ulizothibitisha mwenyewe. Ili utolewe humo, unaandika maombi ukieleza utatuma nini na ulizipataje anwani zako. Ninalipenda swali hilo, kwa sababu mwenye faili la kununua hukosa la kujibu, na ni afadhali akose la kujibu kabla ya kutuma kuliko baada ya kutuma. Amazon itakupa pia nafasi ya kukodi anwani ya IP ya peke yako, yaani namba inayoitambulisha seva inayotuma barua, kwa dola 24.95 kwa mwezi. Usiikodi. Anwani ya peke yako hujengewa sifa kwa kutuma nyingi na mara kwa mara, na anayeandika mara sita kwa mwaka hawezi kuijenga. Ya pamoja inayolindwa na Amazon ni bora kwake.

Kuna pia wanaouliza kama wanaweza kuacha SES na kutuma moja kwa moja kutoka kwenye seva yao ya kukodi. Watoa seva wengi hufunga mlango namba 25 unaotumika kutuma barua, kwa sababu ya historia ya watumaji taka, na hata ukifunguliwa, unaanza na anwani isiyojulikana na yeyote. Sikushauri.

Orodha: kuthibitisha au kutothibitisha

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie zaidi kuliko kwenye bei. Kuna njia mbili za kumwingiza mtu kwenye orodha. Katika ya kwanza, anajaza fomu na kuingia mara moja. Katika ya pili, anajaza fomu, anapokea barua ya kuthibitisha, na anaingia tu baada ya kubofya kiungo kilichomo. Huduma zote tatu zinakuruhusu kuchagua.

Njia ya pili hupoteza watu. Wengine hawaioni barua ya uthibitisho, wengine wanaiahirisha hadi wasahau. Kwa hiyo wauzaji wengi huichukia, na ninawaelewa. Lakini fikiria anwani zinavyokusanywa kwetu: kitabu cha wageni mapokezi, kilichoandikwa kwa haraka na mtu aliyechoka baada ya saa nane kwenye gari, ambapo herufi g haitofautiani na q na tarakimu 1 inafanana na l. Mfanyakazi anayenakili hubahatisha, na anwani aliyoibahatisha inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, au anwani ya mtego iliyowekwa makusudi kuwakamata watumaji wasiojali. Kwa orodha inayotoka kwenye karatasi, uthibitisho si hiari kwa maoni yangu. Kwa mtu aliyejiandikia mwenyewe kwenye tovuti wakati wa kununua, uthibitisho unaweza kuachwa, kwa sababu risiti ya ununuzi wake tayari imethibitisha kwamba anwani inafanya kazi.

Kuhusu orodha ya kununua, sina ulinganisho wa kuufanya. Tangazo la kwanza la biashara linalokumbukwa kutumwa kwa wingi kwa njia hii lilitoka kwa Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC tarehe 3 Mei 1978, likaenda kwa watu kama 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na wapokeaji walilalamika palepale. Hasira ya mtu anayeandikiwa na asiyemjua ni ileile hadi leo, isipokuwa sasa imepewa kitufe.

Sheria nayo imefika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo kwa kawaida hudai ridhaa ya wazi kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara. Anayewaandikia wakazi wa Umoja wa Ulaya kuwauzia huduma anaguswa na GDPR, kanuni ya Umoja huo ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018. Katika yote haya, kinachokuokoa ni kumbukumbu: mtu huyu alijiunga lini, wapi, na aliambiwa ataandikiwa nini. Huduma zote tatu huhifadhi tarehe ya kujiunga kwa anayepitia fomu. Kwa anayeingizwa kutoka kwenye faili, ni wewe wa kuongeza safu inayosema alikotoka. Kwa kuwa taarifa zako zitahifadhiwa nje ya nchi, iwe Marekani au Ulaya, soma pia masharti ya kusafirisha taarifa nje kabla ya kuanza. Kwa kampuni yenye wageni wengi wa Ulaya, huduma ya Kifaransa kama Brevo hurahisisha mazungumzo hayo.

Vipimo vinavyodanganya

Dashibodi zote hukuonyesha asilimia ya waliofungua barua, na zote hupima kwa picha ndogo isiyoonekana. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huzipakua picha hizo yenyewe kwa wanaoruhusu ulinzi wa faragha, hata kama mtu hajaigusa barua. Orodha yenye wageni wengi wa Marekani na Ulaya wenye iPhone itakuonyesha ufunguzi wa kupendeza ambao haupo. Linganisha kampeni zako kwa mibofyo, na zaidi kwa majibu na malipo. Kwa kampuni ya utalii, barua iliyoleta maulizo saba ya safari ni bora kuliko iliyofunguliwa na nusu ya orodha bila neno.

Angalia pia uzito wa barua. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi kilobaiti 102, na kinachokatwa ni sehemu ya chini, ambako kiungo cha kujiondoa hukaa. Violezo vya kuburuta vya Mailchimp na Brevo huwa vizito kuliko unavyodhani. Barua ya listmonk iliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida karibu haifiki huko kamwe.

Uamuzi wangu kwa kila aina ya mtumaji

Mwenye wapokeaji wasiozidi mia tatu, asiye na mtu wa teknolojia, aanze na ngazi ya bure ya Brevo. Mwenye duka la mtandaoni anayeandika kila wiki na anayetaka barua zifuate tabia ya mnunuzi, alipe Mailchimp na asione uchungu, mradi afanye usafi wa waliojiondoa kila mwezi. Kampuni yetu ya Arusha ninaipa Brevo kwa vifurushi vya barua visivyoisha muda. Chuo cha Dar es Salaam, chenye barua za kila siku na bila shaka mwalimu mmoja wa kompyuta, ninakipa SES na listmonk bila kusita. Lakini mwalimu huyo akiondoka na hakuna wa kumrithi, chuo kihamie Brevo kabla seva haijazeeka.

Na kama wateja wako wote wako Kariakoo au Gikomba, ambako mtu huishi kwenye WhatsApp na ujumbe mfupi na hufungua barua pepe pale tu anapodaiwa, usinunue yoyote kati ya hizi kwa sasa.

Siku utakapohama kutoka huduma moja kwenda nyingine, pakua faili mbili za CSV, yaani majedwali ya maandishi matupu. Ya kwanza ni ya wanaopokea, ambayo kila mtu huikumbuka. Ya pili ni ya waliojiondoa na ya anwani zilizokufa, nayo iingizwe kwenye huduma mpya kama orodha ya wasiopaswa kuandikiwa, kabla ya ile ya kwanza kuingia. Kampuni ile niliyoisaidia, iliyokuwa imetuma tangazo kupitia seva ya tovuti yake, ilihama bila faili hiyo ya pili, na kampeni yake ya kwanza ikawafikia watu wote waliokuwa wameomba waachwe.